Rudi Nne

Nauza viatu vya mitumba Makambako, upande wa soko unaotazama barabara ya Njombe, na kwa miaka kumi na tisa nimejifunza kwamba mtu anayeshika kiatu bila kukigeuza aone soli hana shida ya kiatu. Ana shida nyingine. Yule bwana alishika raba ya kushoto, akashika ya kulia, akazirudisha mahali ambapo hazikutoka, kisha akauliza kama namjua mtu yeyote mwenye santuri za zamani.

Nikamwambia santuri sina, ila raba anazoziacha ni pea ya mwisho ya namba arobaini na mbili. Akasema yeye anavaa arobaini na nne. Nikamwambia hizo ni arobaini na nne, kiwandani walikosea kuandika.

Alicheka, na mtu akishacheka mbele ya meza yangu haondoki mikono mitupu. Akajieleza. Anatoka Dar es Salaam. Yeye na wenzake wanatafuta santuri za zamani, wanasafisha sauti, halafu wanazitoa upya kwa watu ambao bado wanataka kuona kitu kikizunguka ndipo wasikie muziki. Ameanzia Iringa, amepita Mafinga, amepata kumi na moja tu, na tatu kati ya hizo alizikuta zimefunika mitungi ya maji.

Nikasema mtu ninaye, ila ni mjomba wangu, kwa hiyo kumfikia kuna utaratibu. Akauliza utaratibu gani. Utaratibu ulikuwa zile raba.

Huyo mjomba ni kaka yake mama, fundi seremala wa Njombe mjini, na kwa miaka mingi kuliko umri wa mume wangu amekuwa mwalimu wa matarumbeta katika usharika wake. Sisi Walutheri wa huku mtu akibatizwa, akioa, akifa, matarumbeta yapo. Alfajiri ya Pasaka yanapigwa makaburini kuwaamsha waliolala, na baridi ya Njombe haina huruma na mtu aliyeweka mdomo kwenye chuma. Mjomba hajawahi kusoma noti za mistari mitano. Ana daftari. Kila wimbo umo humo kwa do, re, mi, umeandikwa kwa penseli ya useremala, ile bapa, anayoichonga kwa patasi.

Nilipokuwa na miaka tisa, daktari mmoja mzungu wa hospitali ya misheni alimaliza muda wake akarudi kwao, na vitu vyake wafanyakazi wakavipigia kura. Mpishi akapata koti la mvua. Mlinzi akapata baiskeli. Mjomba, aliyekuwa amemtengenezea daktari makabati, akapata gramafoni ya betri na santuri saba. Alirudi nyumbani analalamika kwamba amepunjwa. Alikuwa ameiombea baiskeli wiki nzima.

Santuri sita zilikuwa za nyimbo za kanisa kwa Kijerumani. Ya saba ilikuwa na jalada lenye picha ya mtu mweusi, mwembamba, amefumba macho, ameikumbatia saksafoni kama anayembembeleza mtoto asilie ibadani. Nyuma palijaa maandishi ambayo hata mwinjilisti wetu, aliyekuwa na Kijerumani kidogo, aliyatazama akayarudisha. Neno moja tu ndilo tulilolitambua, Brazili, na tulilitambua kwa sababu ya mpira.

Sasa, gramafoni ilitaka betri kubwa sita, na Njombe nzima mwezi ule hazikuwepo. Wiki mbili ilikaa mezani kimya, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wiki mbili hizo ndizo zilizoniponza. Nilikuwa likizo kwa mjomba. Nilimuuliza sauti inakaa wapi, akaniambia inakaa kwenye mistari. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nikataka kujua mistari iko mingapi.

Siku moja wote wakiwa shambani nilichukua sindano ya bibi ya kushonea magunia, nikaitoa ile santuri ya saba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na picha, nikaanza kuhesabu kwa ncha kutoka ukingoni kwenda ndani. Nilifika thelathini na kitu macho yakachoka. Na kwa kuwa kila kitu mimi nahesabu mara mbili, nikaanza upya. Ile mara ya pili mkono uliteleza.

Palibaki mkwaruzo mdogo, unang'aa, urefu wa kipande cha kucha. Niliufuta kwa sketi. Haukufutika. Nikairudisha santuri kwenye jalada, jalada chini ya kitambaa, na sindano nikaitupa chooni. Bibi aliitafuta mwezi mzima. Mimi nilikaa kimya miaka thelathini na sita.

Betri zilipopatikana, sebule ya mjomba ilijaa wapigaji wake wote na majirani, na wengine walisimama dirishani nje kwenye ukungu. Tukasikiliza Wajerumani kwanza, kwa heshima. Kisha ikawekwa ya saba. Hatukujua kwamba tarumbeta ya aina yoyote inaweza kuongea vile. Yule bwana wa Brazili hakuwa akiimba wala kuhubiri. Alikuwa kama mtu anayeshuka mlima huku anakusimulia kilichompata sokoni, na kila akikaribia mwisho wa habari anakumbuka jambo lingine zuri zaidi. Nyuma yake kulikuwa na ngoma ndogo ndogo zinazotembea kwa vidole. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alianza kutikisa bega moja, lile lililokuwa upande wa ukutani.

Wimbo wa tatu ulipofika katikati, sauti ikawa inapanda, inapanda, halafu tk. Ikarudi chini, ikapanda tena. Tk. Mara ya tatu. Mara ya nne. Kisha ikaruka ikaangukia mahali pengine kabisa na kuendelea na safari. Mimi nilikuwa chini ya meza nasubiri kuuawa.

Mjomba akainua kidole. "Mmesikia?" akasema. "Amerudia mara nne. Mtu akifurahi hurudia."

Wote wakakubali. Hakuna aliyewahi kuwa na santuri, kwa hiyo hakuna aliyejua santuri inavyougua. Ilipopigwa tena ikarudia nne vilevile, na kama ilirudia nne leo na nne kesho, basi ndivyo mwenyewe alivyotaka. Mara chache sana ilirudia tano. Mjomba alisema hizo ni hitilafu za gramafoni.

Ilimchukua miezi mitatu kuuhamisha wimbo ule kutoka kwenye saksafoni kwenda kwenye matarumbeta saba, tromboni mbili, tuba na ngoma mbili. Aliandika kila kitu alichosikia, na kwa kuwa ni fundi mwaminifu hakuacha hata ile tk. Alimpa mpiga ngoma, aigonge kwa kijiti kwenye ukingo.

Wimbo wenyewe ulipigwa mara ya kwanza kwenye harusi, wakati wa kuwaingiza maharusi. Msafara unakwenda mbele vizuri, unafika pale panapopanda, na watu, waliposikia wimbo unarudi, wakarudi nao: hatua nne nyuma, moja kwa kila tk, kisha mbele. Hakuna aliyewaagiza. Harusi ya pili walirudi tena. Ya tatu wakawa wanawafundisha wageni. Wimbo ukaitwa Rudi Nne, na leo ukienda Njombe, Makambako, Mdandu, hata kule Mlangali, bibi harusi asiporudishwa nne, wazee wanaona ameingia kama mtu aliyechelewa ibada. Wakatoliki nao waliuchukua, ingawa wao hurudi kwa unyenyekevu zaidi. Mdandu niliwaona kwa macho yangu wakimrudisha bibi harusi nne akaketi kwenye keki.

Na kila harusi nilirudi nne pamoja na wenzangu, nikijua mimi peke yangu kwa nini tunarudi.

Yule mtafuta santuri alikuja zikiwa zimebaki wiki mbili na nusu kabla ya harusi ya binti yangu mkubwa, aliyekuwa anaolewa na kijana wa Mdandu. Huyu binti yangu alianza kurudi nne akiwa na miaka minne, jikoni, na sufuria kichwani. Katika harusi yake mambo mengi niliamua mimi, mengine kamati. Yeye aliomba moja tu: babu amwingize ukumbini kwa Rudi Nne, na tromboni apige babu mwenyewe. Mjomba alikuwa ameshasema kwamba meno yake yanatosha harusi moja tu, na ni hiyo.

Basi nikampeleka mgeni Njombe. Mjomba alitupokea mlangoni. "Kamwene," akamsalimu kwa Kibena. Mgeni akajibu asante, tukamwacha hivyo hivyo. Akakalishwa, akapewa chai na viazi vya kuchemsha, akaulizwa habari za baba yake, mama yake na mvua za Dar, na ndipo jalada likaletwa.

Alilipokea kwa mikono miwili. Alilitazama mbele, akaligeuza, akaligeuza tena, na nikaona sasa huyu ndiye mteja anayeangalia soli. Akasema hii ni chapa ya kwanza kabisa, na hajawahi kuona jalada safi namna hii. Akatueleza kwamba yule mpigaji alikuwa kijana wakati huo, alirekodi kidogo, akasahaulika huko kwao. Kanda zenyewe zilikuwa kwenye ghala. Majuzi zilisafishwa, santuri ikatolewa upya, na zimeongezwa nyimbo mbili ambazo zamani ziliachwa nje.

Mjomba akauliza, "Mwenyewe yupo?"

Mgeni akasema hapana, alishafariki.

Mjomba akavua kofia, akakaa nayo mapajani kwa muda.

Kisha mgeni akaitoa santuri, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, na hapo akatueleza, kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kwamba watu hudhani mistari ni mingi, kumbe ni mmoja tu, unaanza ukingoni na kuzunguka mpaka katikati. Niliweka kiazi chini. Akaendelea kutazama. Akasimama mahali.

"Mzee, hapa inaruka?"

"Hairuki," mjomba akasema. "Hapo anarudia."

Mgeni akanitazama mimi. Mimi nikatazama viazi. Na kwa kuwa njia nzuri ya kumtoa mtu kwenye jambo ni kumwingiza kwenye biashara, nikamuuliza anataka nini na anatoa nini. Alitaka jalada na santuri, atoe ile mpya. Nikasema santuri haitoki. Jalada atachukua, na atatoa ile mpya pamoja na jalada lake, maana santuri ya mzee haiwezi kulala uchi, pamoja na sindano mpya ya gramafoni. Akasema sindano ni ngumu kupatikana. Nikasema hata majalada.

"Mama, wewe unauza viatu kweli?"

"Viatu ni mazoezi, kaka yangu."

Tukakubaliana. Yeye anaelekea Ludewa kutafuta zaidi. Atapiga simu Dar, kifurushi kitumwe kwa basi, na jalada atalichukua akirudi. Mjomba akaniambia nimembana mno mgeni, ningemwombea angalau chai ya pili. Tulipotoka nje mgeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee anajua. Nikamuuliza anajua nini.

"Sawa," akasema. "Ila hiyo mpya ikija, atajua."

Kifurushi kilifika Alhamisi, siku tisa kabla ya harusi. Nilikipokea stendi, kimefungwa kwa maboksi na gundi utadhani ni dirisha la kanisa, nikakaa nacho kwenye benchi. Nilikuwa na njia mbili: kipotee, au kichelewe mpaka baada ya harusi. Nilipohesabu mara ya pili nikakuta kuna ya tatu, kukipeleka, ambayo mara ya kwanza niliiruka. Na mjomba alikuwa ameshanipigia simu mara tatu tangu asubuhi kuuliza kama basi limeonekana. Mtu yule katika maisha yake yote hajawahi kutumiwa kitu kwa basi. Alikuwa ameshanunua betri.

Nikapanda gari la Njombe.

Tulikaa wawili tu, mimi na mjomba. Akaweka sindano mpya kwa mikono ya fundi, akapangusa santuri isiyo na vumbi, tukaanza. Jamani, nilikuwa nimeisikia santuri ile mamia ya mara na sikuwa nimeisikia. Zamani yule bwana alikuwa anapiga nyuma ya mvua. Sasa mvua imekatika na yumo chumbani. Ukisikiliza unamsikia anavuta pumzi. Unasikia kiti kinalia. Mwisho wa wimbo wa pili kuna mtu anacheka kidogo, mbali, na mjomba naye akacheka kumjibu.

"Hata kiti," akasema. "Wamesafisha hata kiti."

Wimbo wa tatu ukaja. Nilishika magoti. Sauti ikapanda, ikapanda, ikafika pale, na ikapita. Haikugeuka kutazama. Ikashuka taratibu mahali ambapo hatujawahi kufika, chini kabisa, penye sauti nene kama ya mtu anayeongea na nafsi yake, ikakaa huko kidogo, ikapanda kwa ngazi nyingine, na mwisho wake ikaungana na ule wimbo tunaoujua.

Mjomba hakuinua kidole. Akairudisha sindano mwenyewe, tukasikiliza tena. Akaweka ya zamani: tk, tk, tk, tk. Akaweka mpya. Kisha akazima na kufunga kifuniko.

"Kumbe ni mkwaruzo," akasema.

Nikaanza kukunja maboksi ya kifurushi.

"Miaka yote nimewafundisha watu mkwaruzo. Yule bwana amekufa, na mimi kila Jumamosi nampa kigugumizi mbele za watu." Akaichukua kofia yake. "Mwambie mjukuu wangu anisamehe. Watafute kijana mwenye spika. Mimi ile sipigi tena."

Nimewahi kuuza pea ya buti zote mbili za kushoto, kwa hiyo si kwamba sijui kunyamaza. Lakini nilimwona amekaa pale na kofia, nikamwona binti yangu jikoni na sufuria kichwani, na nikaona kwamba biashara hii, nikiendelea kunyamaza, wanapata hasara watu wawili kwa ajili ya mmoja.

"Mjomba, ule mkwaruzo ni wangu."

Akageuka.

"Wako vipi?"

"Niliukwaruza mimi. Kabla betri hazijaja."

"Kwa kitu gani?"

"Sindano ya magunia."

"Ya bibi yako?"

"Ndiyo."

"Alinipiga mimi kwa ajili ya sindano ile," mjomba akasema. "Mtu mzima, nina watoto wawili. Ilikuwa iko wapi?"

"Chooni."

Akafikiri. "Ulikuwa unafanya nini na sindano ya magunia kwenye santuri?"

"Nahesabu mistari."

"Ukapata mingapi?"

"Thelathini na kitu. Kumbe ni mmoja."

Alianza kucheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Akacheka mpaka akashika meza, mpaka mke wake akaja kutoka uani na kuuliza nani amekufa, maana kwa mjomba kilio na kicheko vinaanza kwa namna moja. Alipopata pumzi akaniambia niende nyumbani, atakuja harusini, na tromboni atakuja nayo.

"Lakini tutapiga wa kweli," akasema. "Wa mwenyewe. Nina siku tisa."

Siku hizo tisa naomba nisizisimulie. Wapigaji wake ni watu wazima, vidole vyao vinajua Rudi Nne kuliko vinavyojua kufunga vifungo. Mpiga ngoma, aliyegonga tk tangu akiwa na nywele, aliambiwa pale hana kazi.

"Sasa mimi hapo nifanye nini?"

"Ukae kimya," mjomba akasema.

"Nikae kimya kwa mdundo gani?"

Binti yangu naye alipiga simu. Alikuwa amesikia. Hakulia, hakulalamika, aliuliza tu, "Mama, na watu watafanya nini na miguu?" Nikamwambia miguu itaelezwa. Tayari nilikuwa na shaka na hilo.

Siku ya harusi, Makambako kulikuwa na jua na upepo, ukumbi umepambwa bluu na nyeupe. Nilihesabu viti, mia tatu na kumi. Nikahesabu tena, mia tatu na nane, viwili vilishahamia kwa wapishi. Mtafuta santuri alikuwa amerudi kutoka Ludewa, na kwa kuwa jalada lake lilikuwa kwa mjomba na mjomba yuko harusini, akawa mwalikwa. Alikuwa amevaa zile raba. Alitembea kwa uangalifu.

Mlango ukafunguliwa. Matarumbeta mbele, mjomba katikati yao kwa suti ya kahawia, tromboni imesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Nyuma yao maharusi, nyuma ya maharusi sisi wazazi na ukoo, na pande zote mbili watu wamesimama tayari. Mshereheshaji alikuwa ametangaza mara mbili kwamba leo wimbo ni ule ule ila haturudi. Watu walimpigia makofi. Hakuna aliyemsikia.

Wakaanza. Tukaenda mbele. Sauti ikapanda, ikapanda, ikafika pale, na matarumbeta yakapita kama yalivyofundishwa, kweli kabisa, bila kosa.

Na ukumbi mzima ukarudi nyuma.

Moja. Mbili. Hapakuwa na ngoma, hapakuwa na kijiti. Zilikuwa soli tu kwenye saruji, miguu mia sita kwa pamoja, tk, na zaidi ya nusu ya viatu vile vilitoka mezani kwangu. Binti yangu alirudi. Mkwe wangu, mtu wa Mdandu, alirudi kwa nguvu nikashukuru keki iko mbali. Mimi nilijiambia sirudi, nikajikuta nimesharudi tatu. Matarumbeta yalikuwa hatua kumi mbele yetu, yanapiga ukweli peke yao.

Mjomba akageuka, tromboni mdomoni. Alituona wote huko nyuma. Alimtazama mjukuu wake, ambaye alikuwa amesimama na mguu mmoja hewani anamsubiri. Sijui alifikiri nini. Najua tu kwamba mabega yalianza kutikisika, na mtu hawezi kupiga tromboni huku anacheka, kwa hiyo aliitoa mdomoni, akanyoosha mkono juu na kuonyesha vidole vinne.

Mpiga ngoma hakusubiri avione vyote. Tk, akagonga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa ng'ombe. Matarumbeta yakarudi pale panapopanda. Mara nne, na sisi na wao tukarudi pamoja. Kisha, pale ambapo miaka yote tumekuwa tukiruka, mjomba akaweka tromboni mdomoni na kuwashusha wenzake kwenye kile kipande cha chini, kile ambacho yule bwana wa Brazili alikipiga na sisi hatukukisikia kwa sababu yangu.

Ukumbi haukujua la kufanya. Hapakuwa na hatua zake. Watu walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakawa wanasikiliza tu. Binti yangu akamwachia mumewe mkono, akatembea peke yake taratibu kwenye ile sauti nene mpaka akafika kwa babu yake, na mjomba, bila kuacha kupiga, akamsogezea kiwiko. Sauti ilipoanza kupanda tena kila mtu alishaelewa, na vigelegele vikayafunika hata matarumbeta.

Mtafuta santuri alikuwa pembeni yangu, simu juu, anarekodi.

"Mama," akasema, "hii haipo popote. Wala kwenye ya zamani, wala kwenye toleo jipya."

Nikamwambia haiuzwi. Alipouliza mara ya pili nikamwambia tutaongea.

Wiki iliyofuata nilikwenda Njombe kumpelekea mjomba nyama na shukrani. Jalada la zamani lilishakwenda Dar. Santuri zote mbili sasa zinalala kwenye jalada jipya, limevimba kama gunia la viazi la lumbesa, na zile nyimbo mbili za nyongeza mjomba anasema ni nzuri ila apewe muda, hawezi kuzoea vitu vizuri kwa haraka. Akanionyesha daftari. Alikuwa ameongeza kile kipande cha chini, do na re zake zimebanana ukingoni kwa kukosa nafasi. Zile nne hakuzifuta. Juu, kwenye kona ya kulia, mahali pa mtunzi, tangu zamani paliandikwa Brazili. Chini yake, kwa penseli bapa, alikuwa ameandika: *Rudi nne, mpwa wangu, kwa sindano ya magunia.*

Nikasoma mara mbili. Akaniuliza kama kuna kosa. Nikasema hakuna.

Akauliza tusikilize ipi. Nikamwambia achague. Akaitoa ile ya zamani, akaipangusa, akaweka sindano, tukakaa na chai zetu mpaka sauti ikaanza kupanda. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza, kama zamani.

"Tano," nikasema.

"Hiyo ni gramafoni," akasema mjomba.